Vidole Vitatu vya Akiba

Upepo wa Trieste huitwa bora,
na ubora wake sijauona bado.
Hushuka mlimani Januari bila hodi,
hung'oa vigae, hupindua pikipiki,
na manispaa hufunga kamba kandokando ya mitaa ya mteremko
ili wazee wapate cha kushika.

Kwa upepo huo Nives Godina alikata koti lake la kwanza:
sufu ya kijivu, kola ya kupanda hadi masikioni,
vifungo vitano vya pembe, na cha sita
kimefichwa ndani, usawa wa kitovu,
kwa sababu, alisema, upepo ni mwizi
na mlango wa mbele anaujua.
Hakulipa jina. Kwenye daftari aliandika: koti.
Mwaka uliofuata aliandika tena: koti.

Nilifika kwake nina miaka kumi na tisa,
cherehani naijua, kunyamaza sijui.
Wiki tatu alinipa kupiga bandi na kufumua,
kupiga bandi na kufumua,
mpaka kastabani ikaniachia duara kidoleni.
Kisha akanionyesha siri, nayo haikuwa siri:
ndani ya kila mshono, vidole vitatu vya kitambaa,
vimekunjwa, vimelala chini ya bitana.
"Hivi ni vya nani?"
"Vya mtu atakayekuwa," akasema,
"akishazaa, akishanenepa, akishafiwa."

Mabega yakaja mapana kama kabati.
Mabega yakaenda.
Mji mzima ukakata makoti kiunoni,
ukayarudisha visiginoni,
na sisi tukashona mapazia ya hoteli,
majoho ya kwaya ya Mtakatifu Yakobo,
na mara moja, tukiwa tumefunga mlango,
vizibao vya mbwa wa mke wa daktari wa meno.
Deni la bitana kwa mzee Pertot lilifika miezi kumi na minne.
Nives akamlipa nusu kwa koti.
Pertot alilivaa kila alipokuja kudai nusu ya pili.

Wakaja wawili kutoka Milano na kalamu ya dhahabu.
Walitaka jina lake tu,
lishonwe kwenye kola elfu nane kwa msimu.
Aliwapa kahawa. Akauliza jambo moja:
mshononi mtaacha kiasi gani?
Mmoja akaonyesha, kidole gumba na cha shahada,
nafasi ya kupitisha sarafu.
Nives akawaletea makoti yao mlangoni.
La yule kijana lilikuwa na kifungo kilicholegea;
akakikaza kwanza, ndipo akawaaga.

Sikulala usiku ule. Nilidaiwa kodi.
Nilimchukia kidogo. Acha liandikwe.

Polepole makoti yakaanza kurudi,
wala si kwa ubovu.
Binti wa Sbisà alileta la mama yake, la miaka ishirini na saba,
mfukoni tiketi ya tramu ya Opicina.
Tukafumua ubavu, vidole vitatu vikatoka
vikiwa na rangi ya siku ile lilipokatwa,
na mistari miwili ya giza ikabaki mbavuni
kama alama za kimo cha mtoto ukutani.
Hakutaka tuifiche.

Mwaka huu Nives ana themanini na nne.
Jumanne alipanda mtaa akiishika kamba,
amevaa lake, lile la daftari la kwanza,
na ndani yake alikuwa mdogo
kama sindano kwenye kopo la biskuti.
Akavua. "Punguza," akasema.
Nikapima kwa futi. Nikapima tena, nikidhani nimekosea.
Vidole vitatu juu ya vile vitatu, na bado.
Nikachukua mkasi kuondoa kilichozidi.

"Kunja," akasema. "Usikate."

Nje bora ilikuwa ikivuta mlango.
Nikakunja. Nikapiga bandi. Nikamvisha.
Nikamuuliza, hivi sasa ni vya nani?
Hakunijibu; kichwa ameinamisha,
kidole kinapapasa ndani, usawa wa kitovu,
kinatafuta kifungo cha sita.